Aliyejibu Juu ya Kilima

Kaka yangu alikufa machimboni Omate, chini ya udongo, lakini sauti yake bado inasambaza mikate Hungaria. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa namna ya adabu zaidi, nimeshindwa. Watu wakiniuliza habari zake nawajibu kama wanavyojibiwa watu wa kilio: alikuwa mtu mwema, apumzike kwa amani. Habari ya mikate naimeza, kwa sababu nikiianza itabidi niimalize, na mwisho wake unanihusu mimi.

Sisi ni watu wa Burungu, upande wa Masisi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu mpaka Kitshanga. Kwetu ni maharage, mihogo, na ng'ombe wa wengine wanaopita katikati ya maharage yako huku mchungaji akiangalia mawingu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kaka yangu alikuwa mkulima, na siku zote alinizidi akili, ingawa mwenye diploma ni mimi. Nyumba yetu iko bondeni, na bondeni hakuna mtandao. Ukitaka kuongea na dunia unapanda kilima kwa jasho la dakika ishirini, ndipo simu inaanza kutetemeka na kukuletea yote iliyokuwa ikikunyima.

Kundi la simuni lililoipeleka sauti yake mbali ni mimi niliyelianza, yaani niliyejiunga nalo kwanza. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, nimechoka kukaa bure, rafiki wa Goma akaniingiza mahali ambapo watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakifundishana lugha kwa simu. Unatoa lugha yako, unapokea ya mwenzio. Mimi nilitaka Kiingereza. Kwa kuwa ni mwalimu nilijipanga kama mwalimu: nikaandika ngeli zote kwenye karatasi, nikapiga picha, nikatuma. Siku tatu nzima hakuna hata mtu mmoja aliyenijibu. Kaka yangu alikuwa amekaa kando yangu pale kilimani akitafuna muwa, akanipokonya simu.

"Dada, unabafundisha sawa vile banakuya kufanya egzame. Leta hapa."

Akabonyeza, akarekodi sauti. Kwetu tunaziita odio. Katika ile odio ya kwanza aliwafundisha namna ya kujibu mama yako anapokuita kutoka shambani. Alisema: hata kama umekasirika usinyamaze, kwa kuwa mama akiita mara tatu bila jibu moyo wake unaanguka. Unajibu hivi: "Niko, mama! Niko nakuya!", yaani nipo, ninakuja. Kisha akaacha nafasi ili wao warudie, na katika ile nafasi ng'ombe mmoja akalia. Kufikia Jumapili kundi zima lilikuwa likimtaka yeye. Muuguzi wa Brazili aliomba maneno ya kumtuliza mzee asiyetaka dawa. Mkorea mmoja aliuliza kama tuna simba, kaka akamjibu kwamba tuna kunguni, akamfundisha na namna ya kuwalalamikia. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Mimi niliendelea kujifunza Kiingereza changu kimyakimya, yeye akawa mtu wa watu.

Aliyemganda zaidi alikuwa Mhungari mmoja, dereva wa lori la mikate. Alituambia alichagua Kiswahili kwa sababu mtaani kwake hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumcheka akikosea. Hakununua kitabu. Alizisikiliza odio za kaka yangu ndani ya lori, kutoka duka moja mpaka jingine, akizirudia kwa sauti kubwa, mwaka mzima na zaidi. Naye alimfundisha kaka yangu majina ya mikate ya kwao, na kaka alikuwa akishuka kilima akiyataja moja moja mbele ya mbuzi wa jirani.

Sasa lazima nieleze sauti yenyewe. Kaka yangu alivunjika jino la mbele katika mpira wa vijana wa parokia, na tangu hapo kila neno lilimtoka na kamluzi kembamba, hasa lenye s. Halafu alikuwa na desturi ya kupumua kabla ya kusema, "ehh", kama mtu anayetua gunia. Mhungari alidhani na hayo nayo ni Kiswahili. Akayajifunza yote: pumzi, mluzi, na ile namna ya kuishusha sentensi mwishoni kana kwamba hana uhakika kama unastahili kuisikia. Siku alipotuma odio ndefu ya kwanza, nilicheka mpaka machozi. Nikampa kaka simu asikie sauti yake ikimsemesha yeye mwenyewe.

Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Huyu muntu amenibeba," akasema.

Nilidhani anatania, nami nikamjibu kwa utani.

Baadaye shamba letu la ng'ambo ya bonde likawa halifikiki tena. Wenye bunduki ndio waliovuna maharage tuliyopanda. Kaka akaamua kwenda Walikale, kwenye machimbo ya Omate, kama walivyokwenda wengi wa umri wake. Mama hakumzuia na hakumbariki. Alimfungia unga wa mihogo kwenye mfuko, akakaza fundo mara mbili, akaingia jikoni.

Kutoka Omate alituma odio kila alipofika penye mtandao. Nyuma ya sauti yake palikuwa na mvua ya msituni, mashine za kuvuta maji, na watu wakiitana kwa lugha za kila upande. Aliwaambia wanafunzi wake wa ng'ambo kwamba amefika chuo kikuu: shimoni kwao peke yake, alisema, kuna lugha saba, na wote wanatukana kwa Kilingala. Odio ya mwisho ilikuwa ya Mhungari. Alimwahidi somo la namna ya kukataa chakula ugenini bila kumuudhi mwenye nyumba. Kisha kukawa kimya.

Majuma yalipita. Siku moja akaja mwanaume wa kijiji cha jirani, aliyekuwa akichimba pamoja naye, ametembea siku nyingi na miguu imemvimba. Alileta mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vya mpira, taa ya kufunga kwenye paji la uso, na shati. Alitueleza akiwa amesimama, alikataa kiti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, wao wakaingia asubuhi, shimo likafunga. Waliobaki juu walichimba siku mbili, halafu hata pale waliposimama pakaanza kudidimia.

"Hatukumutosha, Mama," alimwambia mama yangu, yaani hawakumtoa shimoni. "Utusamehe. Hatukumutosha hata mumoja."

Mama alimshukuru kwa viatu.

Kundi sikuliambia. Nilijiambia nitaandika kesho, na kesho yake hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba kule ndani ya simu kaka yangu alikuwa bado mzima. Watu walimsalimia, walimtania, walimuuliza somo litakuja lini. Mahali pengine pote alikuwa marehemu, pale tu hakuwa, na mimi nilikuwa na ufunguo wa pale. Wakiuliza nilijibu kwamba Omate hakuna mtandao. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Katika ukoo wetu, mtu akifa mbali, mwili wake usipatikane, haachwi bila kaburi. Tunachimba kaburi kama kawaida, tunakata mgomba sawa na kimo chake, tunaufunga katika blanketi lake, tunauzika kwa jina lake. Sijui kama Wahunde wote, kabila letu, hufanya hivyo, sisi ndivyo tulivyokuta. Katekista wetu anajua, na siku ya mgomba huwa ana safari. Lakini kabla ya mgomba lazima mtu aitwe. Mama yake anapanda mahali pa juu, anaangalia upande aliokwenda mwanawe, anaita jina lake mara tatu, na kila baada ya kuita anangoja. Wakati huo hakuna anayeruhusiwa kusema, hata watoto wachanga hupewa ziwa wanyamaze. Ikiwa hakuna jibu, mama anashuka na kuwaambia watu: nimeita, hakuitika. Hapo ndipo mgomba unakatwa na kilio kinaanza. Aliyetusimamia tangu baba yetu afariki ni Papa mukubwa, kaka mkubwa wa baba, na yeye alisema katika maisha yake ameona watu sita wakiitwa, hakuna aliyeitika. Ni jambo la kumpa mama nafasi ya kusikia ule ukimya kwa masikio yake mwenyewe.

Mama alikataa kwa miezi. Alisema hawezi kuita mtu ambaye yuko njiani. Papa mukubwa hakumsukuma, alikuja kila Jumapili akakaa, akaondoka. Mvua zilipokatika, mama mwenyewe akamwambia:

"Nitamwita. Kama hajibu, mufanye yenu."

Tulipanda asubuhi, watu kumi na wachache. Kilima kinachoangalia Walikale ni kile kile cha mtandao. Nami simu nilikuwa nayo, nimeifunga kiunoni ndani ya kitenge. Ningeiacha nyumbani haya yote yasingetokea, lakini kwetu hakuna anayepanda kile kilima bila simu, hata mwenye kwenda kutafuta mbuzi. Nilisimama nyuma ya wote.

Mama aliita mara ya kwanza. Jina lake siliandiki hapa. Sikuwa nimemsikia mama akipaza sauti tangu nilipokuwa mtoto, nilisahau kwamba ana sauti kubwa kiasi kile. Tukangoja. Akaita mara ya pili, na simu ikaanza kunitetemeka tumboni, ujumbe wa siku nne ukishuka wote kwa pamoja. Nikaitoa kidogo ndani ya kitenge niizime. Simu yenyewe kioo chake kimepasuka, unagusa hapa inaitika kule. Mama akaita mara ya tatu.

"Ehh. Niko, mama! Niko nakuya!"

Ilitoka kwa nguvu zote za simu, na ule mluzi ndani yake. Nikaikandamiza tumboni, nikabonyeza ubavuni mpaka ikafa. Upepo ulikuwa ukivuma, watu wote walikuwa wamenipa mgongo, na pale juu sauti huzunguka kwanza kabla ya kukufikia. Hakuna aliyejua imetoka upande gani. Mwanamke mmoja alipiga magoti. Papa mukubwa akavua kofia yake akaishika kifuani kwa mikono miwili.

Mama aligeuka. Ule uso nauona mpaka leo nikifumba macho. Alikuwa amerudi umri wa miaka ishirini nyuma.

"Mumesikia?"

"Tumesikia," akasema Papa mukubwa.

Akawauliza mmoja mmoja, kila mtu akakubali. Akanifikia mimi.

"Na weye, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Sikusema uongo, na hilo ndilo linalonitafuna. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mengine kumi baada ya hayo mawili, sikuitumia. Nilimwogopa Papa mukubwa. Niliona aibu ya kuvunja jambo la wazee kwa simu yangu. Na nikitaka kuwa mkweli mpaka mwisho: kwa muda wa pumzi moja hata mimi niliamini. Niliangalia upande wa Walikale.

Mgomba haukukatwa. Blanketi lilirudi kitandani kwake. Nilipopata ujasiri wa kuwasha simu nikaona kilichotokea: Mhungari alikuwa amengoja somo lake likachelewa, basi akaamua kuyarudia masomo ya zamani asiyasahau, kuanzia lile la kwanza kabisa. Alituma kumi na moja. Chini yake aliandika: mwalimu, nisahihishe.

Mama akaanza kuishi tena, naye aliishi kwa namna ya kutisha. Alifagia ua mara mbili kwa siku. Alipika chakula cha watu watatu wakati tuko wawili, na sahani ya tatu aliifunika. Akisikia pikipiki barabarani alikuwa akitoka na mikono yenye unga. Ilikuwa furaha ya kweli, nami niliila pamoja naye kila siku kama mwizi. Nikawa napanda kilimani peke yangu na kusikiliza zile odio kumi na moja. Nilijua ni dereva wa mikate. Nilijua hata rangi ya lori lake. Bado nilikuwa namjibu kwa sauti, "kaka, kuja basi", na nikimaliza nilikuwa naangalia nyuma kama kuna aliyenisikia.

Kisha vita vikakaribia. Tulianza kusikia milio ng'ambo ya kilima cha pili, halafu cha kwanza. Watu wakafunga magodoro wakaelekea Kitshanga. Kwa siku tatu njia ilijaa, siku ya nne ikabaki na mbuzi waliosahauliwa. Papa mukubwa alipeleka wake zake na wajukuu, akarudi kutuchukua.

Mama alikuwa anapepeta maharage.

"Siwezi kwenda," alisema. "Akikuya, akute nyumba haina muntu? Alisema iko nakuya. Weye mwenyewe ulisikia, shemeji."

Papa mukubwa alikuwa amesikia, na yeye si mtu wa kukana alichosikia. Alitoka nje akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na nikaelewa kwamba hatamwacha mama, na mama hatatoka, na wote wawili watafia pale kwa sababu ya kidole changu.

Basi nikasema. Nilipiga magoti mbele ya ungo nikamwambia yote.

"Mama, ile sauti haikuwa yake. Ilitoka mu telefone yangu. Ni muzungu mumoja wa mbali, anajifunza luga yetu. Alijifunza ku odio za kaka, njo maana anaongea sawa yeye."

Mama hakuacha kupepeta.

"Muzungu."

"Njo, mama," nikajibu, yaani ndiyo.

"Na ile jino, muzungu aliipata wapi?"

Nilimchezea odio nyingine ya Mhungari iliyokuwa simuni, ile anayotaja maduka anayopelekea mikate. Nilidhani akisikia habari za maduka ya Ulaya atajua. Aliinamisha kichwa akasikiliza, midomo yake ikafunguka, akatabasamu.

"Anafanya kazi ya mikate sasa," akasema. "Muzuri. Omate kulikuwa kubaya." Kisha akanitazama kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. "Unasema maneno ile juu ya kutaka nitoke. Kama amekufa, yeye mwenyewe aniambie."

Nilipanda kilima mbio, mchana kweupe, mwili mzima ukiwa wazi kwa yeyote mwenye bunduki upande wa pili. Nikamwandikia Mhungari kila kitu kwa Kiswahili chepesi. Kwamba mwalimu wake alikufa Omate, na mimi nilimficha. Kwamba sauti yake imemwitikia mama yangu. Kwamba mama hataki kukimbia na milio iko karibu. Nilikaa nimejibanza nyuma ya kichaka cha mbarika nikingoja. Alama ilionyesha ameanza kuandika, ikaacha, ikaanza, ikaacha. Baadaye likaja neno moja: "Pole." Kisha: "Dada, niseme nini?"

Nilimjibu aseme yeye ni nani, na kwamba kaka amekufa, na kwamba mama aondoke. Akaniandikia kwamba neno "amekufa" hajawahi kulisikia, hajui kulisema. Nikapekua kichwani masomo yote ya kaka yangu, ya kunguni, ya wagonjwa, ya wageni, ya mbuzi mkaidi, nikaona ni kweli. Hakulifundisha neno lile hata mara moja. Basi nikamwandikia sentensi nzima, neno kwa neno, naye akairekodi. Ilikuja baada ya robo saa. Sikuisikiliza. Nilishuka nayo kama mtu aliyebeba makaa kwenye kigae.

Mama alikuwa mlangoni, Papa mukubwa kwenye kinu. Nikaweka simu juu ya ungo, nikabonyeza.

Mwanzoni Mhungari alisema kwa lugha ya kwao, nadhani jina lake na mji wake, kama nilivyomwomba, ili mama asikie kwamba huyu ni mgeni. Mama aliyaacha yale maneno yapite, hakuyajali. Kisha ikatoka ile pumzi.

"Ehh. Mama. Miye siko mutoto yako. Mutoto yako alikufa kule Omate, mu shimo. Hatakuya. Usimungoje. Toka sasa, kwenda na wengine."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mtu yule hakuwa na Kiswahili kingine. Alipotaka kusema "mimi si yeye", ilibidi aseme kwa sauti ya kaka yangu. Mluzi ulikuwepo kwenye kila s, sentensi ilishuka mwishoni palepale ilipokuwa ikishuka siku zote, na sasa kulikuwa duniani na maneno ambayo kaka yangu hakuyatamka kamwe, akiyatamka. Papa mukubwa alikuwa ameinuka.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza amefumba macho.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu ilipokwisha alifungua kilemba chake, akakiweka chini polepole, akaitandaza mikono juu ya magoti. Kisha akapiga ule ukelele tuliokuwa tukiungoja tangu siku ya viatu. Sijui kama wenye bunduki ng'ambo ya kilima waliusikia. Papa mukubwa alichukua panga akaenda migombani.

Tulizika haraka, watu watatu, alasiri ile ile, huku milio ikija na kukatika. Papa mukubwa alichimba, mimi nikazoa udongo. Mama mwenyewe aliufunga mgomba katika blanketi na kulikaza fundo. Hatukuimba. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tayari tuko njiani kuelekea Kitshanga, mama katikati, anatembea vizuri kuliko sisi.

Hapa Kitshanga tunakaa chini ya turubai, na mtandao unakufuata mpaka kitandani. Kundi nimeliandikia hatimaye. Muuguzi wa Brazili alituma sala ndefu, Mkorea alituma picha ya mshumaa. Nyumba yetu ya Burungu sijui iko katika hali gani. Siku chache baada ya kufika, mama alikuwa akitoa maganda ya maharage pamoja na jirani, mwanamke ambaye naye amepotelewa na mtoto huko Walikale na bado hana habari yoyote. Nilikuwa nyuma yao nikiwasikia.

"Wangu hakunificha," mama alimwambia. "Alinijibu ku mulima, nikasema iko muzima, kumbe alikuwa ananisalimia tu. Halafu alikuya nyumbani akaniambia yeye mwenyewe: mama, nilikufa, toka. Hakutaka nisikie ku bantu."

"Alikuambia na kinywa yake?"

"Na kinywa yake. Hata muzungu alikuwa pale, akaanza yeye kwanza, halafu akamuachia nafasi."

Jirani akaacha kumenya. Alimtazama mama kwa wivu, wivu mtupu, naye akauliza kama kuna sala ya kufanya ili na wake aje.

Wakati huohuo simu yangu ikatetemeka. Alikuwa Mhungari, ameandika safari hii: "Dada, mama alifika muzuri? Alielewa kama miye siko yeye?"

Ningeweza kuinuka. Mama alikuwa hatua nne kutoka kwangu, ana mikono miepesi, anamweleza mwenzake namna ya kungoja. Nikamwandikia: "Njo, alielewa. Asante sana." Nikatuma.

Alinijibu kwa odio fupi, ya sekunde nne. Sijaifungua.